Bango Chini ya Godoro

Kitanda cha Brashi na mkewe kilikuwa kigumu kuliko sakafu. Wageni walioachiwa kitanda hicho kwa heshima waliamka wamejishika kiuno, wakasema wamelala vizuri sana, asanteni, na walipokuja mara ya pili wakaomba mkeka. Mwenye nyumba hakuwaeleza kitu. Mkewe ndiye aliyekuwa akicheka, maana yeye ndiye aliyeliweka lile bango chini ya godoro, na yeye ndiye aliyelilalia miaka kumi na minane bila kulalamika, isipokuwa siku za baridi.

Lakini nimeanzia katikati. Brashi alikuwa fundi wa kuandika mabango, wa pekee katika mji ule. Mtu akishuka kituoni alianza kusoma maandishi ya mkono wa Brashi hata kabla hajajua aende wapi: duka la dawa, kinyozi, shule ya msingi, fundi saa, na lile tangazo la hospitali lililomkataza kutema mate. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mzee mkali aliyempiga vidole kwa rula kila herufi ilipopinda. Mjomba alimwambia kwamba watu hawasomi bango, wanaliamini, kwa hiyo aandike kama mtu anayeapa. Mtoto akalishika neno lile, na likaja kumponza ukubwani.

Siku moja ofisi ya halmashauri ilimpa kazi. Aandike bango kubwa la bati kwenye fremu ya mbao: Mradi wa Maji wa Mtaa wa Juu, umekamilika, umefunguliwa na Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, na jina lake kamili, na tarehe. Brashi aliliandika siku mbili. Akalipakia kwenye mkokoteni pamoja na miguu yake miwili ya chuma na nusu mfuko wa saruji, akausukuma kupanda kilima hadi Mtaa wa Juu, alikokuwa akiishi yeye mwenyewe na mkewe. Alipofika mahali alipoelekezwa alikuta kibao cha zege na kipande cha bomba kimechomoza kama kidole. Hapakuwa na koki. Akainama, akapuliza ndani ya bomba, na vumbi likamrudia usoni.

Mkewe alikuwa miongoni mwa wanawake waliosimama pale wakimtazama. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo iliyokuwa kule juu kilimani, na kazi yake iliyompa jina ilikuwa kuwaambia ndugu wa kila mwanamke aliyekuja kujifungua wakalete maji. Ndoo mbili, moja ya kabla, moja ya baada. Asiye na wa kumchotea alichotewa na huyo huyo mhudumu, kutoka kisima cha bondeni, kichwani. Watu walimwita Mama Ndoo, na hakuwahi kukasirika, ingawa jina lenyewe lilimwelemea shingo.

Brashi aligeuza mkokoteni akarudi na bango lake. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwenyekiti, mbele ya makarani wawili na mpiga chapa, akasema kazi imekwisha na bango ni zuri. "Nitalisimika kama lilivyo, Mheshimiwa," alisema, "siku maji yatakapotoka." Mwenyekiti alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mwili wake, na kiti kilikuwa kimeshaanza kuchukua umbo lake. Akamjibu kwamba maji yako njiani. Sherehe ya ufunguzi ikafanyika bondeni, utepe ukakatwa, na bango likalala nyumbani kwa Brashi limeegemea ukuta wa sebuleni, likiwasomea watoto uongo asubuhi na jioni.

Hivyo ndivyo mtu yule alivyoingia katika siasa. Hakuna aliyemshawishi. Chama cha upinzani mjini kilikuwa na wanachama tisa na ofisi ndani ya kibanda cha kinyozi, na vikao vilisimama kila alipoingia mteja. Brashi alijiandikisha, akawa wa kumi, na uchaguzi ulipokuja akasimama kugombea udiwani wa Mtaa wa Juu.

Sasa, fundi wa mabango alikuwa mmoja tu, na chama kikubwa nacho kilitaka bango la mgombea wake. Walimletea kazi hiyo Brashi huyo huyo, kwa haya kidogo, na Brashi akaipokea. Mama Ndoo alimkuta uani amepiga magoti, anampamba adui yake mwenyewe mbele ya mji, kwa rangi mbili na kivuli nyuma ya kila herufi. Hakuamini macho yake. Alimuuliza kama amerogwa. Brashi alimjibu bila kuinua kichwa kwamba kazi ni kazi, na kwamba yule bwana akishindwa kwa sababu herufi zake zimepinda watu watasema amehujumiwa. Yeye alitaka amshinde kwa haki.

Hakumshinda. Alipata kura thelathini na moja, na Mama Ndoo aliwajua karibu wote waliozipiga. Alipita sokoni kesho yake kichwa juu, na muuza mkaa alipomtania kwamba mumewe ameandika bango zuri mno hadi limemla, alicheka naye. Nyumbani alilia kidogo, akanawa uso, akapika.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Mwenyekiti aliyecheka mwanzoni alikuja kugundua kwamba watu walikuwa wakipita nyumbani kwa Brashi makusudi kulisoma bango, kama wanavyopita watu kumwona ndama mwenye vichwa viwili. Jina lake lilikuwa pale, na tarehe. Mwaka wa nne akaamua lirudishwe. Ofisa mmoja na askari wawili walipanda kilima saa nne asubuhi, Brashi akiwa kazini, na jirani akamwahi Mama Ndoo kwa kumwita kupitia ua.

Alikuwa na dakika chache. Aliling'oa bango kwenye fremu, akainua godoro, akalilaza bati juu ya chaga, akashusha godoro, akajilaza mwenyewe, akajifunga kitambaa kichwani na kuanza kuguna. Ofisa alisimama mlangoni mwa chumba akauliza bango liko wapi, ni mali ya serikali. Mama Ndoo akamwambia kwa sauti dhaifu kwamba hajui, yeye ana maumivu yale ya kina mama, na kama baba anataka kujua yako wapi hasa atamweleza. Ofisa hakutaka kujua. Askari wakapekua jiko na stoo, wakachungulia hadi kwenye pipa, kisha wakatoka kupitia uani wakiinama chini ya nguo zilizoanikwa. Kamba ya nguo zile ilikuwa imefungwa kwenye miguu miwili ya chuma ya bango lenyewe, iliyokuwa imesimikwa pale tangu mwaka juzi.

Brashi aliporudi na kusimuliwa alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamwambia mkewe ashukuru Mungu hawakukaa kitandani. Bango likabaki pale pale. Wakubwa nao hawakulala: Mama Ndoo alipata barua ya uhamisho kwenda zahanati ya mwendo wa saa mbili kwa miguu, na ofisi zote za serikali zikaacha kumpa Brashi kazi. Miaka mitatu mwanamke yule alitoka nyumbani kabla ya jogoo. Hakumwambia mumewe hata siku moja aache siasa. Nasema hivi kwa sababu wako wanaosimulia habari za Brashi kana kwamba aliishi peke yake.

Yeye naye alikuwa na kichaa chake. Maandishi ya hospitali yalipochujuka na hakuna aliyemwita, Jumapili moja alikwenda na ngazi yake akaandika upya WODI YA WAZAZI bila kuagizwa na bila malipo. Alisema hawezi kupita chini ya herufi zilizokufa.

Uchaguzi wa pili alishindwa tena, ila safari hii waliompigia kura walikuwa wengi hadi ikaombwa kura zihesabiwe upya. Asiyekubali kushindwa si mshindani, alisema, akampa mshindi mkono. Lakini aliendelea kuuliza kila aliyekutana naye swali moja: bomba lile lilitoka kwenye tangi la mji, sasa likaenda wapi?

Jibu lilikuja mwaka wa kumi na moja, kutoka kwa fundi bomba mstaafu aliyekuwa mgonjwa na hakutaka kwenda kaburini nalo. Mzee alimwonyesha Brashi njia, hatua kwa hatua, akiegemea fimbo. Mtu mwingine wa upinzani angeitisha mkutano na vipaza sauti. Brashi alichukua kopo la rangi nyekundu na brashi nene, na Jumamosi nzima akaenda akiweka nukta juu ya mawe, kila baada ya hatua kumi, pale bomba lilipopita chini ya ardhi. Nukta zilianza kwenye tangi, zikafuata barabara, zikafika chini ya kilima. Hapo zilitakiwa zipande. Zikakata kushoto.

Jumapili watu hawakuwa na kazi, na nukta nyekundu ni kishawishi. Walianza watoto, wakafuata mama zao, hadi jioni mtaa mzima ulikuwa nyuma ya zile nukta. Ziliwapeleka kwenye geti la nyumba ya wageni ya Mwenyekiti, yenye bustani ya majani mabichi katikati ya kiangazi. Hakuna aliyerusha jiwe. Mama Ndoo alipita mbele akiwa na ndoo yake, akagonga geti kwa adabu, na mlinzi alipochungulia akamwambia, "Tumefuata maji yetu, mwanangu." Mlinzi alimtazama, akatazama umati, kisha akaijaza ile ndoo hadi juu.

Mwaka uliofuata Brashi alishinda udiwani. Mama Ndoo alimshonea shati jipya la kuapishwa, lakini kucha hakuweza kumsaidia. Aliapa mbele ya baraza akiwa na rangi ya bluu chini ya kila ukucha. Alikuwa peke yake. Madiwani kumi na mmoja wa chama kikubwa na yeye mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hoja yoyote aliyoitoa ilihitaji mtu wa kuiunga mkono, na hakuna aliyethubutu. Kila kikao aliuliza maji ya Mtaa wa Juu yamefika wapi, na kila kikao Mwenyekiti alijibu yako njiani, hadi mji mzima ukaligeuza jibu hilo kuwa mzaha. Ukichelewa kazini ulisema ulikuwa njiani pamoja na maji. Bwana harusi mmoja aliyechelewa aliulizwa na shangazi wa bibi harusi kama amekuja kwa miguu au kwa bomba.

Muhula wa kwanza uliisha hivyo. Alipochaguliwa tena alirudi na akili nyingine, na hapa ndipo ninapomvulia kofia kuliko kwenye nukta. Alikuwa ameshajua kwamba kulirudisha bomba si tatizo. Tatizo ni pampu, ilikuwa ndogo, haiwezi kusukuma maji kupanda kilima. Aliandika hoja ya pampu kwenye kadi nyeupe, kwa herufi nzuri ambazo angemwandikia bibi harusi, bila jina lake. Akaiweka juu ya kiti cha diwani mmoja wa chama kikubwa, mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye kwa miaka yote hakuwa amesema kitu barazani zaidi ya "naafiki". Mwalimu aliisoma, akaisoma tena. Akasimama akaitoa kama yake.

Mwenyekiti aliangalia huku na huku, kisha akauliza, kwa desturi tu, kama yuko wa kuunga mkono. Brashi alisimama. "Naunga mkono hoja ya Mheshimiwa Mwalimu," alisema, akakaa. Wenzake Mwalimu wakaona aibu kumwacha mtu wao aungwe mkono na mpinzani peke yake, nao wakanyoosha mikono mmoja mmoja. Hoja ikapita.

Mama Ndoo, aliyekuwa amesharudishwa hospitalini, alikasirika kwa hilo kuliko kwa yote yaliyotangulia. Alimwuliza mumewe jioni ile, akimkabidhi sahani, kama amefanya kazi miaka ishirini ili sifa ale Mwalimu. Brashi alisema Mwalimu ana wajukuu Mtaa wa Juu. Na kweli sifa zikaenda. Pampu ilipofika, mitaro ilipochimbwa, ilisemwa ni kazi ya chama kikubwa, na katika uchaguzi uliofuata, miezi mitatu kabla ya maji kufunguliwa, Brashi alishindwa kwa kura kumi na tisa. Alikuwa na miaka sitini na sita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na kazi nayo ilikuwa imepungua, maana siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine na sura ya mtu ikiwa imetabasamu.

Siku ya ufunguzi hakualikwa. Toka asubuhi waliweza kusikia muziki ukitoka pale kwenye zege la zamani, ambako sasa palikuwa na koki nne zinazong'aa. Mwenyekiti yule yule alikuwa ameshatundika picha zake mbili, na mkuu wa mkoa alikuwa anakuja kuwa mgeni rasmi. Brashi aliketi ukingoni mwa kitanda kile kigumu. Alimwambia mkewe kwamba aliapa atalisimika kama lilivyo, na lilivyo lina jina la Mwenyekiti. Akilipeleka, anampa mtu yule heshima ya bure mbele ya mkoa mzima. Na mkono, akauinua wautazame wote wawili ukitetemeka hewani, mkono huu utamwaibisha.

Mama Ndoo alisimama mbele yake. Alikuwa amelala juu ya ahadi ile miaka kumi na minane na uti wake wa mgongo uliijua kwa herufi.

"Uliapa kwa mkono au kwa mdomo, baba watoto?"

Brashi aliinuka, wakashika godoro huku na huku, wakaligeuza. Bati lilikuwa zima, rangi haijabanduka, kwa maana lilifichwa jua. Waliligongomea kwenye fremu yake, wakaanua nguo, wakang'oa ile miguu ya chuma, wakaazima mkokoteni kwa jirani. Mama Ndoo akaongeza ndoo yake na kopo dogo la rangi.

Umati uliwapisha. Vijana wa Mwenyekiti waliona mkokoteni unakuja wakasogea kuuzuia, halafu wakasoma jina la bosi wao kwa herufi kubwa na kivuli nyuma, wakatazamana. Mtu anawezaje kuzuia bango linalomtukuza Mwenyekiti, tena mali ya halmashauri iliyotafutwa na askari? Wakasogea kando, na mmoja hata akasaidia kusukuma.

Mkuu wa mkoa, mwanamke mnene mwenye miwani, alishuka jukwaani akalisogelea. Alisoma polepole, kwa sauti, hadi kwenye tarehe. Akairudia tarehe. Kisha akageuka.

"Mwenyekiti, kwa hiyo leo tunafungua maji haya mara ya pili?"

Watu waliuma midomo. Mwenyekiti alisema ni jambo refu, mheshimiwa. Brashi ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Hapana, mheshimiwa. Ni mara ya kwanza. Nina mstari mmoja wa kuongeza."

Alipiga magoti mbele ya bango lililoegemea mkokoteni. Mama Ndoo aligeuza ndoo yake ikatazama chini, akaiweka chini ya kiwiko cha mumewe kama egemeo, akamfungulia rangi. Herufi za juu zilikuwa zimesimama wima kama siku alipoziandika. Hakufuta hata nukta. Chini yake akaandika MAJI YAMETOKA, na tarehe ya siku ile. Mkono ulitikisika, M ya kwanza ikalegea, na herufi ya mwisho ikashuka kidogo chini ya mstari. Aliitazama. Mkewe alidhani ataifuta, lakini alifunga kopo. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza kupiga makofi, peke yake, kisha mtaa wote.

Basi bango likasimikwa, na liko pale hadi leo, kwa kuwa hakuna aliyepata neno la kuliondolea. Sherehe ilikwisha, Mwenyekiti aliondoka mapema, na nyumbani kwa Brashi siku hiyo godoro lililala juu ya chaga tupu likabonyea katikati hata wenyewe wakashindwa kulizoea.

Kesho yake asubuhi Mama Ndoo alikuwa zamu. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuja kutoka vijiji vya mbali na mkwewe mwenye uchungu, aliingia wodini akitembea kwa tahadhari, ndoo imejaa kichwani na nyingine mkononi, kama alivyofanya kwa kila mjukuu aliyezaliwa pale. Mama Ndoo alimpokea ile ya kichwani. Akamwambia ayamwagilie maua, maji yapo ndani. Yule mama hakuamini, alidhani anataniwa. Mama Ndoo akafungua bomba la wodini mbele yake, kisha, kwa kuwa mkwe alikuwa bado hajafika wakati wake, akamshika mkono akamtoa nje hadi kwenye bango lililokuwa hatua chache kutoka getini.

Mgeni hakujua kusoma. Mama Ndoo alimsomea yote, la Mwenyekiti na tarehe yake, bila haraka, kisha mstari wa chini. Mgeni aliangalia herufi za juu zilizonyooka na zile za chini zilizopinda, akauliza kwa nini aliyeandika huku chini hakuwa fundi.

"Juu na chini ni mtu mmoja," Mama Ndoo alisema. "Na ni mume wangu."